Padri Kneipp, Mzee wa Maji Baridi Aliyewapumzisha Wengine Akajisahau

Najua nimepotea kama wiki tatu hivi, na wapo walioniandikia kuuliza kama nimeishiwa vocha au nimeacha kublogu. Hapana jamani. Nilichoka tu. Tena sio kule kuchoka kwa kubeba viroba sokoni, ukilala kesho unaamka fiti. Hii ilikuwa ya kuamka asubuhi ukiwa hoi kuliko ulivyolala. Nitawagusia huko mbele, lakini leo sikuja kujizungumzia mimi. Leo nimewaletea stori ya mtu.

Mtu mwenyewe anaitwa Padri Sebastian Kneipp, Mjerumani, alifariki mwaka 1897. Nimemkuta mtandaoni wakati natafuta dawa ya kuchoka, nikaganda kwenye kompyuta mpaka muda wangu ukaisha, nikaongeza saa nzima. Ujerumani huyu mzee ni jina kubwa, hata dukani utalikuta kwenye mafuta ya kuogea. Huku kwetu wengi hatumjui. Ila kama umesoma shule ya bweni, nakuhakikishia umeshafanya tiba inayofanana na yake bila kujua: kengele saa kumi na moja alfajiri, ndoo moja, maji ya baridi yanauma mifupa, na wenzako nyuma wanakupigia kelele umalize. Tofauti ni kwamba sisi tulilazimishwa, na wazungu wanasafiri na kulipa ili wafanyiwe.

Basi kaa vizuri, tuanze mwanzo.

Sebastian alizaliwa tarehe 17 Mei 1821 kwenye kijiji kidogo kinaitwa Stephansried, huko Bavaria, kusini mwa nchi ambayo leo ni Ujerumani. Nasema leo, maana Ujerumani kama nchi moja ilikuja mwaka 1871, jamaa akiwa mtu mzima wa miaka 50. Baba yake alikuwa mfumaji wa nguo. Usifikirie kiwanda. Ni mzee ana mtambo wake wa mbao nyumbani, anafuma kitambaa, anauza, familia inakula. Na kwa zama zile mtoto wa mfumaji alikuwa mfumaji, hakuna mjadala.

Kwa hiyo dogo akiwa na umri wa miaka kama 11 au 12 hivi akaketishwa kwenye mtambo. Mtambo wenyewe ulikaa chumba cha chini, ndani ya ardhi. Sababu ni kwamba uzi wa kitani ukikauka sana unakatika ovyo, kwa hiyo wafumaji walipenda sehemu yenye unyevu. Ni nzuri kwa uzi, mbaya kwa mapafu ya mtoto. Kipindi cha joto alitoka nje kuchunga ng'ombe na kusaidia mashambani, baridi ikirudi anarudi chini gizani. Hapo ndo pa kuanzia kumwelewa huyu mtu. Kabla hajawa mtaalamu wa kupumzisha watu, alikuwa mtoto aliyechoshwa na kazi.

Sasa kijana alikuwa na ndoto moja: kuwa padri. Na upadri ulidai shule, shule ilidai Kilatini, na Kilatini kilidai pesa. Akawa anadunduliza kidogo kidogo. Akafikisha gulden 70, hela ya zamani ya kule. Kwa kijana wa hali yake huo ulikuwa ni mtaji wa maisha. Alipokuwa na miaka kama 20 nyumba yao ikashika moto, ikateketea, na zile hela zikateketea humo humo. Miaka ya kufuma ikawa majivu kwa siku moja.

Mimi hapo ningekata tamaa, kusema kweli. Yeye akafunga safari. Akazunguka kwa mapadri kutafuta wa kumfundisha, wakamkatalia, maana alionekana mkubwa mno kuanza shule. Mwisho akampata padri mmoja, Matthias Merkle, aliyekuwa na undugu naye wa mbali, akakubali kumfundisha Kilatini. Mwaka 1844 akaingia sekondari mji wa Dillingen, ulio kando ya mto Danube. Ana miaka 23, anakaa dawati moja na watoto. Wale wadau wangu mnaosoma QT mkiwa na ndevu, huyu ni mwenzenu kabisa.

Lakini mwili haukusahau kile chumba cha chini. Njaa, kusoma usiku kucha kufidia miaka iliyopotea, na mapafu yaliyokwisha choka toka utotoni. Akaanza kukohoa, kudhoofu, na baadaye kutema damu. Wanaoandika maisha yake wanasema ilikuwa kifua kikuu. Daktari alimtembelea mara nyingi bila mafanikio. Kijana aliyepigania shule miaka yote ile sasa alikuwa anahesabu siku.

Katika hali hiyo akakutana na kitabu. Kilikuwa kidogo, cha zamani, kimeandikwa karne ya 18 na daktari mmoja anaitwa Johann Siegmund Hahn, kinaelezea nguvu ya maji baridi kwa mwili wa binadamu. Hakuwa na hela ya dawa, lakini maji yalikuwepo, mto mzima unapita mjini bure. Basi baridi ya mwaka 1849 akaanza vituko. Anakimbia mpaka mtoni mwili upate joto, anavua nguo, anajitosa kwenye Danube kwa sekunde chache tu, anatoka, anavaa, anarudi mbio mpaka nyumbani ili asipoe. Mara kadhaa kwa wiki. Mtu anakohoa damu, nje kuna theluji, anaruka mtoni!

Akapona. Akapata nguvu, akaendelea na masomo ya dini Munich.

Hapa naomba nisimame kidogo, maana najua kuna mdau atatoka hapa kafe kwenda kumwambia mjomba wake anayekohoa aache dawa aende mtoni. Usifanye hivyo. Robert Koch alikuja kutangaza mdudu wa kifua kikuu mwaka 1882, na dawa ya kwanza ya kumuua ilipatikana miaka ya 1940. Wakati wa Kneipp hapakuwa na kitu cha kuchagua. Wapo wagonjwa ambao kinga ya mwili iliushinda ugonjwa wenyewe, na inawezekana na yeye alikuwa mmoja wao. Mtu mmoja kupona sio ushahidi. Sisi tuna vidonge, na kwenye hospitali za serikali Tanzania vya kifua kikuu ni bure. Kunywa mpaka umalize dozi. Maji baridi yabaki ya kuogea.

Turudi kwa jamaa. Pale chuoni Munich inasemekana alianza kuwatibu wanafunzi wenzake kwa siri usiku, bustanini, akitumia ile keni ya kumwagilia maua. Unampiga mwenzio maji ya baridi mgongoni, halafu unamwambia akimbie apate joto. Ile keni ndo ikawa kama alama yake mpaka leo.

Mwaka 1852 akapewa upadri. Kila parokia aliyopelekwa watu wakamfuata na magonjwa yao, hasa maskini ambao daktari alikuwa ni kitu cha kusikia tu. Wenye maduka ya dawa na madaktari wakanuna. Akashtakiwa kwamba anatibu bila cheti, akapigwa faini, akakatazwa. Kuna wakati alitii, kuna wakati huruma ikamshinda. Na tuwe wakweli, wale madaktari walikuwa na hoja. Mtu asiyesomea udaktari kutibu watu ni hatari, hata awe na moyo mzuri namna gani. Kneipp mwenyewe uzeeni aliona hivyo, akawa anakaa na madaktari wenye vyeti pembeni yake wakati wa kuona wagonjwa.

Mwaka 1855 wakubwa wake wakampeleka sehemu ya kimya, kijiji kinaitwa Wörishofen, awe muungamishi wa masista wa Kidominika. Nadhani kuna aliyefikiria kwamba huko porini mambo ya keni yataisha. Alipewa kazi kibao: kufundisha, kusimamia shamba la masista, kufuga nyuki. Hata maandishi yake ya mwanzo yalikuwa ya nyuki na kilimo, sio afya. Lakini wagonjwa walimfuata hukohuko. Mwaka 1881 akawa paroko wa kijiji.

Halafu mwaka 1886 akatoa kitabu, Meine Wasser-Kur, maana yake ni tiba yangu ya maji. Kikalipuka! Kikachapwa tena na tena, kikatafsiriwa lugha nyingi. Jamaa alikuwa na miaka 65. Nawaomba muisome tena hiyo namba, nyie mnaosema mmechelewa maisha kwa sababu mna miaka 24 na hamjatoka.

Sasa hebu niwaeleze alichokuwa anafanya, maana watu wanadhani ni kuogesha watu maji baridi basi.

Maji yenyewe aliyatumia kwa kipimo. Sheria ya kwanza: mwili wenye baridi haupewi maji baridi. Upate joto kwanza, kisha maji kwa muda mfupi, kisha joto tena kwa kutembea au kujifunika. Kuna kumwagiwa magotini, mapajani, mikononi, mgongoni. Kuna kutembea ndani ya maji yanayofika chini kidogo ya magoti, unanyanyua mguu mpaka utoke nje ya maji kila hatua, kama korongo anayetafuta samaki, nusu dakika hivi inatosha. Kuna kuzamisha mikono mpaka juu ya kiwiko kwa sekunde kama 30, ambayo wafuasi wake wanaiita kahawa yao kwa sababu inaamsha mtu. Na kuna kutembea pekupeku kwenye majani yenye umande asubuhi. Hapo najua mdau wa kijijini anacheka, maana yeye anatembea kwenye umande kila siku akienda shamba na hakuna aliyemwambia ni tiba.

Lakini maji ni sehemu moja tu. Wanafunzi wake baadaye walipanga mafundisho yake kwenye nguzo tano: maji, mimea ya dawa, mazoezi, chakula cha kawaida, na ya tano ni mpangilio wa maisha. Hiyo ya tano ndo iliyonifanya niandike leo.

Wageni waliomjia Wörishofen hawakuwa wakulima peke yao. Walianza kuja watu wa mjini: makarani, wafanyabiashara, wasomi, wakubwa wa serikali. Ujue hicho ni kipindi cha reli, simu za waya na magazeti ya kila siku, dunia imeongeza spidi ghafla. Daktari mmoja wa Marekani, George Beard, mwaka 1869 alikuwa ameshaandika kuhusu ugonjwa wa kuishiwa nguvu za mishipa ya fahamu. Akalaumu hayo hayo: mashine za mvuke, simu za waya, magazeti. Watu hawalali vizuri, hawana hamu, kichwa kinauma, kazi haiendi. Miji ya maji ya tiba Ulaya ikajaa watu wa namna hiyo.

Padri Kneipp akagundua jambo. Anamtibu mtu, anapata nafuu, anarudi mjini, baada ya miezi amerudi tena vilevile. Maji yalikuwa hayashiki. Mpaka alipoanza kuuliza mtu anaishi vipi: analala saa ngapi, anakula nini, anafanya kazi mpaka saa ngapi, moyoni ana nini. Akikuta maisha yameparaganyika, anaanzia hapo. Kwa hiyo mgeni wa Wörishofen alilala mapema, aliamka mapema, alikula chakula cha kijijini, alikunywa kinywaji cha shayiri badala ya kahawa kali, alivaa nguo pana zisizobana, alitembea sana. Na alimwagiwa maji. Ukiangalia vizuri, muda wa maji kwa siku nzima ulikuwa dakika chache. Saa zote zilizobaki zilikuwa ni mtu kufundishwa kuishi.

Ndo maana mimi nasema, na ni maoni yangu, kwamba dawa kubwa ya huyu padri haikuwa maji. Ilikuwa ni mtu kuondolewa kazini wiki kadhaa na kupangiwa siku yake upya. Maji yalikuwa kama kengele ya kumwamsha.

Umaarufu ukapita mipaka. Mwana wa kifalme wa Austria, Joseph, alikuja kutibiwa. Mwaka 1893 Papa Leo XIII akampa Kneipp cheo cha Monsinyori, na mwaka uliofuata padri wetu akaenda Roma kumshauri Papa mwenyewe kuhusu afya yake. Mtoto wa mfumaji! Kijana mmoja aliyepata nafuu kwake, Benedict Lust, akahamia Marekani akaeneza tiba hiyo New York. Pesa zilizoingia, mzee hakujenga jumba lake. Alijenga nyumba za tiba: Sebastianeum mwaka 1891, nyumba ya watoto wagonjwa mwaka 1893, na Kneippianum mwaka 1896.

Sasa hapa ndo penye kuniuma. Hebu tazama ratiba ya mzee mwenyewe. Ana miaka zaidi ya 70. Bado ni paroko, misa na maungamo vinamsubiri. Anaona wagonjwa umati kwa umati. Anajibu barua. Anaandika vitabu. Anapanda treni kwenda miji ya Ulaya kuhutubia maelfu ya watu. Anasimamia ujenzi. Yule aliyekuwa akiwauliza wengine wanalala saa ngapi, nani alimuuliza yeye?

Mwanzoni mwa mwaka 1897 akaanguka. Alikuwa na uvimbe tumboni, na hakukubali kufanyiwa upasuaji. Tarehe 17 Juni 1897 akafariki hapo hapo Wörishofen akiwa na miaka 76. Sisemi kazi ndo iliyomuua, uvimbe hauji kwa namna hiyo na mimi sio daktari. Nasema tu kwamba alianza maisha kwa kufanyishwa kazi kupita uwezo, na alimaliza kwa kujifanyisha mwenyewe. Hapo katikati akawapumzisha maelfu.

Alipoondoka, kazi haikufa. Mwaka 1920 kijiji kilipewa jina la heshima Bad Wörishofen, neno Bad kwa Kijerumani ni bafu, cheo cha miji ya maji ya tiba. Mwaka 2015 mafundisho yake yakaingizwa kwenye orodha ya Ujerumani ya urithi wa utamaduni usioshikika.

Na ule uchovu wa makarani nao haukufa, umebadilisha jina tu. Mwaka 1974 mwanasaikolojia wa Marekani, Herbert Freudenberger, aliandika kuhusu watu wa kujitolea kwenye kliniki waliokuwa wanaisha nguvu na moyo. Akatumia neno la Kiingereza lenye picha ya moto uliowaka mpaka ukajizima, kama mshumaa uliokwisha. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani likaeleza hali hiyo rasmi kwenye orodha yake mpya: sio ugonjwa, bali ni hali inayotokana na msongo wa muda mrefu kazini ambao haukushughulikiwa. Dalili ni tatu. Unaishiwa nguvu kabisa. Unaichukia kazi au unaifanya kwa dharau, roho haipo. Na unaona huwezi tena, ufanisi umeshuka. Mdau, kama zote tatu zimekukaa, usicheke.

Wajerumani wakaunganisha haya mawili. Kule mfanyakazi mwenye bima ambaye bado hajaugua ila dalili zimeanza, anaweza kupitia kwa daktari wake kuomba kwenda mji wa maji ya tiba, kwa kawaida hadi wiki tatu, na kwa kawaida si zaidi ya mara moja kila miaka mitatu. Bima inachangia matibabu, yeye anaongezea. Huko anafundishwa kukabili msongo, anafanya mazoezi, anajifunza kutuliza mwili, anaogeshwa maji au kupakwa tope la tiba. Mwaka 2016 watafiti wa Munich walichapisha matokeo ya programu ya wiki tatu ya namna hiyo. Waliwagawa watu kwa bahati nasibu, wengine wakaanza mara moja na wengine wakasubiri zamu, wakalinganisha. Waliokwenda msongo wao ulishuka, na baada ya miezi sita nafuu ilikuwa bado ipo. Hiyo ni habari nzuri. Ila haisemi ni maji yaliyofanya kazi au ni zile wiki tatu za kuwa mbali na bosi, maana vyote vilikuwa kwenye fungu moja.

Na biashara nayo imeingia, kama kawaida. Siku hizi ukisema spa watu wanafikiria mishumaa, taulo nyeupe na bili inayokutia wazimu. Hata huko Bad Wörishofen mwaka 2004 kilifunguliwa kituo kikubwa cha mabwawa ya maji ya moto na minazi yake, watu wanaelea na vinywaji. Sina ubaya nao. Lakini aliyeanzisha mambo alikuwa na mto wa bure na keni ya bustani.

Sasa nimalizie na yangu, maana niliahidi.

Nilipomaliza shule nilipata kibarua kwenye steshenari moja, kutwa nachapa barua za watu na kutoa kopi. Usiku naandikia makala kurasa za watu mtandaoni, wanalipa kwa kipande. Za mchana zinalipa kodi na chakula, za usiku zinalipa tuisheni ya mdogo wangu. Nikaenda hivyo miezi minane, Jumapili hadi Jumapili. Nikaanza kugombana na wateja kwa vitu vya kipuuzi. Nikawa nachapa sentensi moja mara tatu. Siku moja nikapanda daladala, nikafika kituo cha mwisho, nikakaa tu ndani, sijui naenda wapi. Konda akafikiri nimelewa. Mama mdogo alipopata habari akanichukua kwake wiki mbili, simu akaificha. Nilikuwa nalala, nakula, nachota maji, nalala. Naye alikuwa na sheria zake: nje kabla ya jua, na kuoga alfajiri maji ya kisimani. Hajawahi kumsikia Kneipp hata siku moja.

Nimerudi sasa. Na hapa ndo palipo pagumu, ambapo wale wa spa hawapasemi sana. Ukitoka kupumzika kazi inakusubiri ileile. Kama bosi hajabadilika na saa hazijabadilika, baada ya miezi utarudi kama wale makarani wa Wörishofen. Kwa hiyo nimeacha nusu ya kazi za usiku. Jumapili sigusi kompyuta. Mdogo wangu nimemweleza ukweli kwamba tuisheni itakuwa masomo mawili badala ya manne. Hakufurahi, na mimi sikufurahi. Blogu nayo itakuwa mara moja kwa wiki, sio kila siku. Mchana steshenari bado ni vilevile, nimeomba siku moja ya mapumziko, najibiwa subiri kwanza. Nasubiri, ila nitauliza tena.

Asubuhi naoga maji baridi. Hayajaniongezea hata shilingi, ila yananiamsha.

Haya wadau, ukumbi ni wenu. Nani kati yenu anafanya kazi bila siku ya kupumzika, na mnaishije? Na mliosoma bweni, semeni ukweli, yale maji ya alfajiri yaliwasaidia au yaliwatesa tu? Dondosheni maoni hapo chini, ila matusi nafuta. Muda wangu hapa kafe unakaribia kwisha, na safari hii siongezi. Naenda kulala.